Ganuni imefika Malindi imepasuka, sasa nani alipe?

Boksi lilikuwa zima kabisa, na hilo ndo lililoniuma zaidi. Tepu haijaguswa, kona zote zimenyooka, ile stika nyekundu ya glasi ipo pale pale, na ndani ganuni, ile ala ya nyuzi ya taarabu, ya dola 900, uso umepasuka kufuata mshipa wa mbao, daraja limelala ubavu na nyuzi zimejikunja kama mizizi. Ilitoka Cairo kwa ndege mpaka Dar, shemeji akaichukua kwa wakala akaipandisha boti, bandarini Malindi ya Unguja hamali akaiweka kwenye gari lake la mkono mpaka Mkunazini, na sisi wenyewe tukaiacha wiki nzima bila kuifungua kwa sababu maalim alokuwa aipige yupo Pemba kwenye harusi. Tulipofungua ilikuwa siku ya tisa.

Sasa uliza nani kavunja. Muuzaji anasema mimi niliipakia vizuri na picha hizi hapa. Watu wa ndege wanasema mzigo umetolewa Dar na aloupokea katia saini kwamba uko salama. Wakala anasema yeye kazi yake makaratasi. Risiti ya boti ukiigeuza nyuma kumeandikwa kwa herufi ndogo ndogo kwamba mzigo uko kwa dhamana ya mwenyewe. Hamali alicheka tu. Hatukupata hata shilingi, na nilivyokuja kulielewa jambo hili baadae niligundua kuwa hatukustahili kupata, si kwa sababu hakuna sheria, sheria ipo na iko wazi kuliko nlivyodhani, ila sisi tulikuwa tumeshajifunga mikono wenyewe kabla hata hatujalalamika.

Mimi si mwanasheria. Mimi napiga udi, natengeneza kidogo, na watu wa vikundi wakitaka ala kutoka Misri au Uturuki simu inanijia mimi, kwa hiyo haya nimejifunza kwa kuungua. Lakini yanamhusu pia mwenye duka la masanduku ya njumu pale mtaa wa Gizenga, anaetuma taa za vioo, anaeletewa seti ya vyombo kutoka Dubai, yoyote mwenye kitu chepesi, cha bei, na kinachovunjika.

Tuanze na ndege maana hapo ndo penye sheria moja inayoeleweka. Kuna mkataba wa kimataifa unaitwa Mkataba wa Montreal wa 1999, Tanzania imo tangu 2003, Misri imo, Uturuki imo, Imarati imo. Mkataba huu unasema mzigo ukiharibika ukiwa mikononi mwa shirika la ndege basi shirika linalipa, huna haja ya kuthibitisha kuwa kuna mtu aliutupa. Wao ndo wathibitishe kuwa hawahusiki, na sababu wanazoruhusiwa kuzitoa ni chache: kitu chenyewe kilikuwa na kasoro yake ya ndani, au kilipakiwa vibaya na mtu asiekuwa wao, au vita, au amri ya serikali kwenye kuingiza na kutoa mzigo. Basi. Ukisikia hivyo unafurahi, unasema kumbe niko salama.

Subiri kwanza. Mkataba huo huo umeweka mwisho wa malipo, na mwisho wenyewe unahesabiwa kwa kilo. Tangu 28 Desemba 2024 ni SDR 26 kwa kilo, kabla ya hapo ilikuwa 22. SDR si noti utakayoiona kwa mbadilisha fedha, ni kipimo cha shirika la fedha la kimataifa IMF kinachochanganya sarafu tano, na moja huwa inazunguka dola 1.3 mpaka 1.4 hivi. Sasa chukua ganuni yetu na boksi lake, kilo 14. Mara 26 unapata SDR 364, karibu dola 490. Ganuni ya 900. Udi ndo balaa zaidi, maana udi wenyewe ni kitu cha hewa, na kasha lake labda kilo 4 au 5, ukiusafirisha kama kago unazungumzia dola 150 au 170 hata kama umetengenezwa na fundi wa jina kule Istanbul kwa dola 1,500. Mchele ukimwagika sheria hii inamlipa mwenyewe hasara yake yote, udi ukivunjika inakulipa nauli ya kurudi nyumbani.

Na kuna kitu kinachekesha kwa uchungu. Ukienda kulipia mzigo hawakutozi kwa uzito wa mizani peke yake, wanapima urefu mara upana mara kimo, wanagawa kwa 6,000 kwenye kago ya kawaida au 5,000 kwa kampuni nyingi za kuria, na ile namba kubwa ndo unalipia. Boksi la ganuni la sentimita 110 kwa 55 kwa 25 linatoka kilo 25 kwa hesabu moja na kilo 30 kwa hesabu nyengine. Unalipia 30, ikivunjika unafidiwa kwa 14. Nlipoligundua hili nilikaa kimya dakika nzima.

Watu wengine wanasema lakini kama nikithibitisha waliutupa makusudi? Kwenye kago haisaidii, ule mwisho haupasuki, hata uwe na video ya mtu anaurusha kama mpira. Kitu pekee kinachoupandisha ni tamko la thamani, yaani siku ya kutuma unaandikisha kwenye AWB, ile karatasi ya mzigo wa ndege, kwamba mzigo huu una thamani ya kiasi fulani, unalipa nyongeza wakikutoza, na hapo mwisho wako unakuwa ile thamani uliyotamka. Kwenye AWB kuna kisanduku cha kuandika thamani ya usafirishaji na mara nyingi wakala anaandika NVD, maana yake hakuna thamani iliyotamkwa, anaandika kwa mazoea tu bila kukuuliza. Herufi tatu hizo zilitugharimu sisi nusu ya ganuni, au zingetugharimu kama tungefika huko.

Kwenye kuria, wale wanaokuja mpaka mlangoni, unakuta masharti yao wenyewe juu ya hayo, na soma vizuri kwa sababu wengi wanaweka kiwango cha juu cha thamani kwa vitu vya kale, vioo, sanaa na ala za muziki, na baadhi ya vitu hawavichukui kabisa. Unaweza kutamka dola 2,000 na mfumo ukakubali na pesa ukalipa, halafu siku ya kudai wakakwambia kitu cha aina yako mwisho wake ni kidogo kuliko hivyo. Na kutamka thamani si bima. Tamko linapandisha tu kiasi ambacho mbebaji anaweza kulipa pale anapowajibika, bima ni mkataba mwengine na mtu mwengine. Na huyo kuria awe na leseni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, maana wasafirishaji wa vifurushi wako chini yao, huku visiwani pia, na ukikwama na kampuni malalamiko yanaweza kupelekwa huko baada ya kuwapa kampuni wenyewe nafasi ya kujibu. Kijana wa bodaboda anaekwambia "mimi natuma mpaka bara" hana hata karatasi ya kukupa.

Haya, sasa ule ugonjwa wetu, na nnaomba tusidanganyane. Muuzaji anakuuliza nikuandikie bei gani kwenye invoisi, na wewe unasema andika 150 ili ushuru uwe mdogo. Sote tunajua. Sisi tulifanya hivyo hivyo, nani atakataa kuokoa laki mbili tatu. Lakini ile invoisi ndo karatasi ya kwanza atakayoomba mtu wa fidia, na akiona 150 anakulipa 150, huwezi kumletea karatasi nyengine ya 900 kwa sababu hapo umeshajisema mwenyewe kwamba ulidanganya forodha, na mtu wa bima ndo atakunyima kabisa maana bima ni mkataba wa kuambizana ukweli. Ushuru ulokwepa umeulipa kwa njia nyengine. Mimi siku hizi naandika bei kamili na mteja akinuna namwambia atafute mtu mwengine.

Nirudi kwenye safari maana hapa ndo pa kisiwa chetu khasa. Mzigo wa Cairo kuja Unguja una njia mbili. Njia ya kwanza AWB imeandikwa mpaka Zanzibar, unabadilisha ndege Dar au Nairobi au Addis, unashuka uwanja wetu wa Kiembe Samaki. Hapo safari nzima ni moja mbele ya sheria, hata kile kipande cha Dar mpaka Zanzibar kinahesabiwa cha kimataifa kwa sababu ni sehemu ya mkataba mmoja, na kama wewe ni mpokeaji una haki ya kumwendea shirika la mwisho lililokuletea na pia lile lililokuwa na mzigo pale ulipoharibika. Njia ya pili AWB inaishia Dar, ni rahisi kidogo, mtu wako anautoa na kuupandisha boti. Hapa umeikata safari vipande viwili kwa mkono wako mwenyewe. Siku mtu wako anasaini Dar, mlango wa ndege unaanza kufungwa nyuma yake asipoandika kasoro yoyote, na mlango unaofunguka ni wa boti, ambao ni risiti yenye maandishi nyuma. Kipande cha bahari baina ya Dar na Malindi ni kifupi, saa mbili hivi, lakini ndo shimo ambalo fidia zetu nyingi zinatumbukia humo.

Kwa hiyo kama lazima upite boti, boksi lifunguliwe Dar. Najua ni tabu, shemeji ana kazi zake, wakala anataka kufunga ofisi, lakini lifunguliwe pale pale kabla ya saini, picha zipigwe, kisha lifungwe tena na picha za kufungwa. Ndo njia pekee ya kujua kama limevunjikia kwenye ndege au kwenye boti. Na wanaoagiza kutoka Unguja kwenda Pemba hali ni hiyo hiyo ikifika Mkoani au Wete, usimwachie nahodha na usimwachie jamaa wa gari, fungua gatini.

Saini. Hili nnalisema peke yake kwa sababu watu wanaliona dogo. Mkataba unasema mpokeaji akiupokea mzigo bila lalamiko, hiyo ni dalili kwamba umefika salama, na mzigo wa kago ulioharibika una siku 14 tangu kuupokea za kulalamika kwa maandishi, begi la abiria siku 7, mzigo uliochelewa siku 21. Ukipitisha, basi, kesi imekufa, ila labda wao walifanya udanganyifu. Hizi si siku za kupeleka kila ushahidi, ni siku za kusema tu, kwa maandishi, kwamba mzigo namba fulani umefika umeharibika na nitadai. Barua pepe inatosha kuanzia, WhatsApp ya kijana wa ofisi usiitegemee hata akikujibu "sawa boss tunashughulikia". Kuria wana siku zao, huyu 21 yule 30, soma masharti yao, na wewe usipitishe 14. Kwenda mahakamani ni miaka miwili tangu ulipofika, lakini ukikosa zile siku za mwanzo hiyo miaka miwili haina kazi.

Pale kwenye karatasi ya kupokelea usiandike "nimepokea kwa sharti la kukagua" ukadhani umejikinga, wengi wao wanaipuuza kwa sababu haisemi kitu. Andika unachokiona: "boksi limebonyea kona ya chini kulia, tepu imekatwa na kufungwa upya, ndani hakujafunguliwa". Tarehe, saa, saini, na piga picha hiyo karatasi kabla hujamrudishia. Akisema hairuhusiwi kuandika, mpigie picha boksi likiwa bado liko kwenye gari lake.

Kuna mkanganyiko mmoja wa ala za muziki peke yake. Mafundi wanasema udi ukitoka nchi yenye hewa kavu ukaja kwenye joto na unyevu wetu huu usiufungue haraka, uache ndani ya kasha siku nzima mbao izoee polepole. Na mtu wa fidia anataka picha za saa ile ile. Mimi nafanya hivi: nafungua boksi la nje na kasha, napiga video moja isokatika tangu kisu kinaingia kwenye tepu mpaka nyuma ya shingo, dakika mbili, nafunga kasha, naliacha mpaka kesho. Hiyo video naanza na ile stika ya namba ya mzigo ili asije mtu akasema ni boksi jengine.

Unyevu ndo unatuleta kwenye ile sababu ya kasoro ya ndani. Watapenda sana kusema mbao ilipasuka yenyewe kwa hali ya hewa, na mara nyengine ni kweli. Ufa wa ukavu unafuata mshipa wa mbao na hauna alama nyengine. Ufa wa kipigo una kovu, una kitovu, gundi imeachia upande mmoja, au kichwa cha udi kimeng'oka. Ganuni yetu kwa kusema kweli ilikuwa na vyote viwili na sijui ningeshinda hiyo hoja. Ndo maana ukipata hasara usiitengeneze hata kama unajua kutengeneza, usitie gundi, usitoe nyuzi. Iache, weka boksi, weka sponji, weka hata nailoni ya vipovu, maana watakuja au watatuma mkadiriaji kuangalia ilivyopakiwa, na kama umeshalitia boksi jaani umewapa ile sababu ya pili bure.

Na upakiaji wenyewe ndo wanapokushika wengi. Kanuni za majaribio ya vifurushi zinataka boksi la chini ya kilo 9 na nusu hivi livumilie kudondoka kutoka sentimita 76, yaani kimo cha meza, si mara moja, ni kona, na kingo, na kila uso. Stika ya glasi haimzuii mtu, mkanda wa mashine hausomi. Kwa udi pa hatari ni kichwa, kile kilichopinda nyuma, kimegandishwa tu kwa gundi, boksi likidondoka mwili unasimama na kichwa kinaendelea na safari. Kwa hiyo jaza sponji chini ya shingo na nyuma ya kichwa mpaka kisiwe na pa kwenda. Legeza nyuzi toni moja au mbili, usizilegeze zote zikaning'inia, daraja la ganuni linashikiliwa na mkazo wa nyuzi tu na ukiutoa wote linaanguka lenyewe ndani ya ndege. Boksi ndani ya boksi, na baina yao vidole vinne vya sponji kila upande. Tikisa, ukisikia chochote fungua tena. Piga picha kila hatua, na mwisho boksi likiwa juu ya mizani na namba inaonekana, maana fidia ni kwa kilo na kilo za AWB mara nyengine zimekosewa.

Usitumie majani makavu wala usumba kama wazee walivyokuwa wakifungia vyombo vya kauri, nchi nyingi zinakataa mimea na mzigo wako utakwama karantini. Kreti la mbao vilevile, mbao ya kawaida huwa inapikwa nyuzi 56 kwa dakika 30 na kupigwa muhuri wa ISPM 15, kanuni ya kimataifa ya mbao za kufungia mizigo, plaiwudi haihitaji. Wenye masanduku wanalijua hili kwa sababu Ulaya na Marekani hawana mzaha nalo. Na kitu chochote chenye pembe ya ndovu, hata kile kiduara kidogo kwenye uso wa udi wa babu, usikitume bila kuuliza vibali, hiyo si hasara ya kuvunjika, ni kunyang'anywa.

Kwa meli sitakaa sana, mimi mwenyewe nimetuma mara moja tu. Bahari ina mikataba zaidi ya mmoja na ipi inakuhusu imeandikwa nyuma ya hati ya shehena, ile wanayoiita BL. Kuna Hague-Visby, SDR 666.67 kwa kifurushi au 2 kwa kilo ipi kubwa, hasara isoonekana kwa nje unatoa taarifa ndani ya siku 3, kesi mwaka mmoja. Kuna Hamburg, ambayo Tanzania imo, SDR 835 kwa kifurushi au 2.5 kwa kilo, taarifa siku 15, kesi miaka miwili. Ukiangalia vizuri utaona kwa kitu chepesi meli inakulinda kuliko ndege, kwa sababu inahesabu kifurushi: udi wa kilo 5 ndani ya boksi lake unaweza kufika zaidi ya dola 800. Ila lazima BL iandike idadi ya vifurushi, ikiandika "kontena moja" umekwisha. Na ujue kuna hasara ya pamoja, meli ikipata msiba mkubwa na mwenye meli akatumia gharama kuokoa wote, kila mwenye mzigo anachangia hata kama wake haujaguswa, kama ile Ever Given ilokwama Suez mwezi Machi 2021, wenye mizigo walitakiwa waweke dhamana kwanza ndo wapewe vyao.

Mwenye bima hapo hapati presha, kampuni inamwekea dhamana. Bima ya mizigo inauzwa hapa hapa, Shirika la Bima la Zanzibar lipo tangu 1969 na kampuni nyengine zina ofisi mjini, na asotaka bima ya kawaida takafuli, bima ya Kiislamu, nayo ipo. Kitu cha kuuliza ni kimoja: ni A, B au C? Hivyo ndivyo vifungu vya kimataifa vilivyopangwa. C ni ajali kubwa tu, meli kuzama, moto, gari kupinduka, ganuni kupasuka hakumo. A ndo inayobeba kuvunjika. Lakini hata A inakataa upakiaji mbovu na kasoro ya ndani ya kitu, kwa hiyo yale ya sponji yanarudi pale pale. Kawaida unakata bima ya bei na nauli na asilimia 10 juu. Na ukishalipwa na bima wao ndo wanamwendea mbebaji, kwa hiyo ile barua ya siku 14 bado ni kazi yako, ukiwaharibia haki yao ya kudai wanakupunguzia au wanakunyima. Mkivutana na bima kuna Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, huhitaji kuanza na mahakama.

Barua yenyewe iwe fupi. Usimweleze mtu habari za harusi ya Pemba. Namba ya AWB, tarehe ya kupokea, nini kimeharibika, unadai kiasi gani na kwa msingi gani, na viambatisho: invoisi, uthibitisho wa malipo, picha, karatasi ya kupokelea, makisio ya fundi kwa maandishi. Ikiwezekana makisio mawili. Kama kinatengenezeka dai matengenezo na kilichopungua kwenye thamani, usidai kitu kizima, ukidai kizima wanakuona muongo na wanapunguza mpaka unakasirika. Na adai yule ambae jina lake limo kwenye AWB, mtumaji au mpokeaji. Ikiwa kimeandikwa jina la wakala au la shemeji, basi shemeji ndo adai au akupe barua ya kukukabidhi haki hiyo. Wengi wanajibiwa "wewe hatukujui" na kweli hawamjui.

Jibu la kwanza ni hapana. Karibu kila mara. Watasema upakiaji haukutosha, bila kueleza. Waandikie: kifungu gani, nani alikagua, lini, naomba ripoti. Mara nyingi hakuna ripoti, hakuna mtu alokagua, na hapo sauti inabadilika.

Sasa siri yangu ya mwisho, na wengine hawataipenda. Udi siutumi kago tena. Kwa kago ni kilo, lakini begi la abiria halihesabiwi kwa kilo, mwisho wake ni SDR 1,519 kwa abiria mmoja tangu huo huo Desemba 2024, karibu dola 2,000. Udi ule ule wa kilo 5 unalindwa kwa SDR 130 ukiwa kago na unaweza kulindwa kwa 1,519 ukiwa begi la mtu. Kwa hiyo namtafuta msafiri ninaemjua, mtu wa nyumbani, anaeuona udi kwa macho yake na kulifunga kasha mwenyewe, maana kubebeshana mizigo isojulikana mimi simo na yeye asikubali. Kaunta watamtaka asaini stika kwamba kitu ni dhaifu na hawahusiki, asome kabla ya kusaini, kama kasha ni gumu aseme na waandike hivyo. Ikifika imevunjika asitoke nje ya uwanja bila kuandikisha ripoti ya begi pale pale, na ndani ya siku 7 barua, kwa sababu ile ripoti peke yake mashirika mengine hawaihesabu kuwa ni lalamiko. Na jina ni lake yeye abiria, fidia inatoka kwake.

Mara ya pili tulipovunjiwa ilikuwa hivyo hivyo, udi, kichwa kimeachia, uwanja wetu wa ndege, saa nane usiku, kijana wa watu amechoka anataka kwenda kulala na mimi nipo nje kwenye simu namwambia usitoke, usitoke bwana, rudi kwenye ile dirisha. Alirudi. Ilichukua miezi minne na barua sita, wakalipa matengenezo na kidogo juu. Kichwa nilikigandisha mwenyewe, na ukiupitisha mkono nyuma ya shingo unausikia ule mstari.